Na Mimi Utanipata? Kinga Inayomgeukia Mwenyewe na Damu ya Ukoo

Mgonjwa hupewa dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Aliyemsindikiza hapewi kitu. Ndiye dada aliyebeba bahasha ya vipimo, ndiye mtoto aliyeshika chupa ya maji kwenye foleni, na kwa siku nyingi amekuwa na swali ambalo hathubutu kulitoa mbele ya mgonjwa: na mimi utanipata? Aghalabu huliuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, daktari akiwa ameshaita mtu mwingine. Hujibiwa ama "hapana, hauambukizi," ama "ndiyo, ni wa kurithi." Majibu yote mawili yana ukweli, na yote mawili humrudisha nyumbani bila kile alichokuja kukitafuta.

Magonjwa ninayoyazungumzia ni yale ambayo kinga ya mwili, iliyowekwa kupambana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe. Ikishambulia viungo vya vidole na magoti, ni baridi yabisi. Ikiharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ni kisukari aina ya kwanza, kile kinachowapata zaidi watoto na vijana. Ikiigusa tezi ya shingo, tezi huzidisha kazi au hulegea. Ikifuta rangi ya ngozi, ni mbalanga. Lupasi yenyewe haina makao: leo ngozi ya mashavu, kesho viungo, mwakani figo. Yapo mengine mengi, na ukiyatazama moja moja kila ugonjwa huonekana wa watu wachache. Ukiyajumlisha, hesabu hubadilika. Uchunguzi wa kumbukumbu za watu milioni 22 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2023, ulihesabu magonjwa 19 ya kundi hili na kukuta kwamba mtu mmoja hivi kati ya kila 10 ana angalau mojawapo.

Hoja yangu ni hii. Katika magonjwa haya familia hurithishana mwelekeo, na mwelekeo huo hujitokeza kwa majina tofauti kwa ndugu tofauti. Sisi tumezoea kuyaona kama misiba isiyohusiana, na kwa kuwa tunaificha, kijana wa kizazi kinachofuata hufika hospitali akiwa hana hata robo ya habari ambazo zingemwokolea miaka ya kuhangaika.

Hata sayansi ilichelewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Paul Ehrlich, daktari wa Ujerumani aliyekuwa miongoni mwa vinara wa elimu ya kinga, alishikilia kwamba maumbile hayawezi kuuachia mwili ujidhuru wenyewe kwa namna hiyo, na kwa heshima aliyokuwa nayo wengi hawakulifukua tena suala hilo. Ilipofika mwaka 1956, Noel Rose na Ernest Witebsky huko Buffalo, Marekani, walionyesha kwamba sungura anaweza kutengeneza kingamwili za kuishambulia tezi yake mwenyewe. Mwaka huohuo, jijini London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walikuta kingamwili za aina hiyo katika damu ya wagonjwa wa tezi. Kwa hiyo bibi aliyefariki mwaka 1950 akiwa amevimba uso na miguu hakuwa na daktari mahali popote duniani ambaye angemweleza kwamba kinga yake ndiyo iliyomgeuka. Mapengo mengi katika historia za familia zetu ni ya namna hiyo. Ugonjwa ulikuwepo, ila hakuna aliyeweza kuutaja.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote hutoka kwa mapacha wa yai moja, ambao jeni zao ni zilezile. Kama kila kitu kingekuwa kwenye jeni, pacha mmoja akiugua mwenzake angeugua bila kukosa. Haiwi hivyo. Kwa baridi yabisi, pacha wa pili huugua mara 15 hivi katika kila 100. Kwa lupasi ni kama robo. Kwa kisukari aina ya kwanza ni kati ya theluthi na nusu, na tafiti zilizowafuatilia mapacha kwa miongo mingi zimekuta zaidi ya hapo. Hesabu hiyo inafaa isomwe pande zote mbili. Robo ni kubwa mno kwa ugonjwa ambao kwa kawaida haufikii hata mtu mmoja katika kila mia, kwa hiyo damu inahusika bila shaka. Papo hapo, robo maana yake mapacha watatu kati ya wanne wamebeba jeni zilezile za mgonjwa na hawaugui.

Sehemu kubwa ya kinachorithiwa imo kwenye kromosomu ya sita, katika kundi la jeni ziitwazo HLA. Kazi yake ni kuzionyesha seli za kinga vipande vya protini, ili zijue kipi ni cha mwenye mwili na kipi ni cha mgeni. Kuna aina za HLA, kama DR3 na DR4, ambazo hujitokeza tena na tena kwa wagonjwa wa kisukari cha utotoni, wa baridi yabisi, wa lupasi na wa tezi. Lakini watu wengi mno wanazo na huishi hadi uzeeni bila kuugua. Juu ya hizo kuna makumi ya jeni nyingine, kila moja ikisukuma kidogo. Ni nadra jeni moja kuamua yote. Inapotokea huwa ni msiba mzito: watoto wa kiume wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya FOXP3 hushambuliwa na kinga yao tangu uchanga, kwa sababu wanakosa seli za kuituliza. Ugunduzi unaohusu seli hizo ndio uliowapa Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Familia nyingi haziko huko. Familia nyingi zina mkusanyiko wa misukumo midogo, na hakuna anayeweza kutazama jeni za mtoto akatamka kwa hakika kwamba huyu ataugua na huyu atapona.

Taiwan ina bima ya afya ya watu wote, na mwaka 2015 watafiti walichapisha walichokikuta katika kumbukumbu za wananchi wapatao milioni 23. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wa lupasi ana uwezekano mara 17 hivi wa kuupata ugonjwa huo kuliko mtu mwingine. Mara 17 inatisha ikisomwa peke yake. Lakini lupasi huko haimfikii hata mtu mmoja katika kila elfu, kwa hiyo baada ya kuzidisha bado unabaki chini ya watu wawili katika kila mia. Binti wa mgonjwa ambaye ameshajihesabu kwenye foleni anastahili kupewa hesabu yote, pamoja na sehemu hii ya mwisho. Jambo la pili katika utafiti huo ndilo lenye uzito zaidi kwangu: ndugu haohao walikuwa pia na uwezekano uliozidi wa kupata baridi yabisi, kisukari aina ya kwanza na magonjwa mengine ya kundi hili.

Tazama basi ukoo wa kwetu kwa macho hayo. Bibi mzaa baba alikuwa na uvimbe shingoni na mikono iliyotetemeka, ikasemwa ni uzee. Shangazi ana madoa meupe mikononi na mdomoni, hujifunika ushungi hadi kidevuni. Binamu alianza kudungwa insulini akiwa darasa la tano. Sasa dada mkubwa anaamka vidole vimekakamaa, hawezi kufunga vifungo vya sare ya mtoto hadi saa nne asubuhi. Katika mazungumzo ya nyumbani hizo ni habari nne za watu wanne. Kwa daktari anayezijua zote, ni habari moja, na dada huyo hatapewa dawa za maumivu kwa miaka mitatu kabla ya kupimwa. Naongeza tahadhari hapa: si kila rovu ni la kinga kujishambulia. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki marovu mengi yalitokana na ukosefu wa madini joto, kabla chumvi haijaanza kutiwa madini hayo. Kinachomsaidia daktari ni mkusanyiko, pamoja na umri na dalili za kila mmoja.

Wala kuishi nyumba moja si kurithi. Barbara Bush aligundulika na ugonjwa wa tezi uitwao Graves mwaka 1989, akiwa Ikulu ya Marekani. Mwaka 1991 mumewe, Rais George Bush, akakutwa na uleule. Maji ya makazi yao yalipimwa na hakuna kilichopatikana. Mume na mke, damu mbili, ugonjwa mmoja: bahati mbaya nayo ipo.

Wanawake ndio wanaobeba mzigo mkubwa. Kwa lupasi, tisa kati ya kila wagonjwa 10 ni wanawake. Homoni zina sehemu yake, na mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza sehemu nyingine: mwanamke ana kromosomu X mbili, na molekuli inayoinyamazisha mojawapo hujikusanyia protini ambazo kinga inaweza kuziona kama adui. Kwetu jambo hili lina matokeo ambayo sijaona yakizungumzwa vya kutosha. Mwanamume anaweza kupitisha mwelekeo huu kwa binti zake bila yeye kuugua hata siku moja, na waliougua upande wake ni dada zake na shangazi zake, wanawake walioolewa mbali. Ukoo unahesabiwa kwa baba, makaburi yako kwa baba, lakini maradhi ya mashangazi yalikwenda nao kwa waume zao na huko ndiko yalikozikwa. Mtu akiulizwa hospitali "upande wa baba kuna nani mgonjwa?" atamtaja babu mwenye presha. Shangazi aliyefariki kwa figo Tabora au Bungoma, akiwa na miaka 31, hamkumbuki.

Kwa muda mrefu madaktari walifundishwa kwamba magonjwa haya si ya Waafrika. Mwaka 1968 Brian Greenwood, Mwingereza aliyefanya kazi Nigeria, aliandika kwamba kati ya wagonjwa zaidi ya 98,000 waliolazwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Ibadan kwa miaka 10, waliokutwa na magonjwa ya kinga kujishambulia walikuwa kama mia moja tu. Alipendekeza kwamba malaria na vimelea vinavyotuandama tangu utotoni huifunza kinga kutulia. Baadaye yeye na wenzake waliwaambukiza malaria ya panya wale panya wa maabara ambao kwa kuzaliwa huugua ugonjwa unaofanana na lupasi, na makali ya ugonjwa yakapungua. Dhana hiyo ina nguvu hadi leo, kwa sababu ya upande wa pili wa bahari. Wanawake wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Uingereza hupata lupasi mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake Wazungu, na figo zao huumia zaidi. Damu ina asili moja, mazingira ndiyo yaliyobadilika.

Mwaka 2010 ilichapishwa kazi ambayo kila msomaji wa Afrika Mashariki inamhusu moja kwa moja. Inahusu badiliko dogo katika jeni iitwayo FCGR2B, ambayo kazi yake ni kuzizuia seli za kinga zisipitilize. Mtu aliyerithi nakala mbili za badiliko hilo, moja kwa mama na moja kwa baba, ana uwezekano zaidi wa kuugua lupasi. Lakini watafiti walipowachunguza watoto wa Kenya, waliokuwa na nakala mbili ndio waliokingika zaidi na malaria kali. Kinga inayowaka haraka iliwaokoa watoto hao kwenye umri ambao malaria huua. Natamani kila mama anayejilaumu kwa kumpitishia bintiye ugonjwa alijue hili: huenda katika alichokipitisha kilikuwamo pia kilichoufanya ukoo wake uvuke vizazi vya homa na kufika hapa.

Hata hivyo uchache unaoandikwa katika vitabu si wote wa kweli. Miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990, madaktari wa Dar es Salaam, miongoni mwao Donald McLarty wa hospitali ya Muhimbili, walihesabu wagonjwa wapya wa kisukari cha utotoni kwa miaka 10. Hawakufika hata wawili kwa mwaka katika kila watoto 100,000. Finland, inayoongoza duniani, imepita 50. Tofauti ya jeni na mazingira ipo, lakini mtoto anayefia nyumbani, au anayelazwa akipumua kwa kasi na kupoteza fahamu kisha akatibiwa malaria kali, haingii katika hesabu ya kisukari. Ndivyo ilivyo kwa lupasi pia. Homa za kila mara, vidonda mdomoni, nywele kunyonyoka, mwili kukonda: mwanamke mwenye dalili hizo hutibiwa taifodi mara tatu, kisha majirani huanza kunong'ona kwamba ana virusi. Akipima na kukutwa hana, hao hao husema amerogwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho hufanya mambo kuwa mabaya zaidi. Kliniki za wajawazito hupima kaswende, na baadhi ya vipimo vinavyotumika hutafuta kingamwili dhidi ya mafuta fulani ya mwilini, wala havitafuti kijidudu chenyewe. Baadhi ya wagonjwa wa lupasi wana kingamwili hizo bila kaswende yoyote. Majibu husoma "ana kaswende." Mume naye anapimwa, hana. Ndoa inatikisika papo hapo, mshenga anaitwa, na mwanamke anayeapa kwamba hajatoka nje ya ndoa haaminiki. Kingamwili hizohizo zinaweza kugandisha damu na kuharibu mimba, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dada yake akija kupoteza mimba baadaye, watu husema ni tumbo la ukoo ule, lina mkosi. Yote hayo yangeweza kuchunguzwa kwa kurudia kipimo kwa njia nyingine na kuuliza habari za familia. Na mimba ya namna hiyo ina matibabu: asipirini kwa kipimo kidogo na sindano za kuzuia damu kuganda zimewapa watoto wanawake wengi waliokuwa wamekata tamaa.

Siri haikuanzia kwetu. Flannery O'Connor, mwandishi wa hadithi wa jimbo la Georgia, Marekani, alimpoteza baba yake kwa lupasi mwaka 1941, akiwa na miaka 15. Mwishoni mwa mwaka 1950 yeye mwenyewe akaanza kuugua. Madaktari wakajua, mama yake Regina akajua, lakini binti akaambiwa ni baridi yabisi tu. Mama alikuwa na sababu: alishamwona mumewe akiteketea kwa jina lilelile. Mwaka 1952 rafiki yake, Sally Fitzgerald, ndiye aliyemwambia ukweli. O'Connor alirudi shambani kwa mama yake karibu na mji wa Milledgeville, akaandika kila asubuhi kwa kadiri nguvu zilivyomruhusu, akafuga tausi, akafariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Sehemu kubwa ya kazi zake alizichapisha baada ya kuujua ukweli. Namhurumia Regina, lakini naamini alikosea. Binti aliyejua alipanga siku zake, na mwanamke yule alikuwa na siku chache za kupanga.

Sisi tuna sababu nyingine ya kunyamaza, nayo ni posa. Kabla ya kuoza, wazee hupeleleza: ukoo ule una kifafa? Una kichaa? Wana nini cha kurithi? Familia yenye mabinti watatu na mmoja ana lupasi hujua kwamba neno likitoka, wote watatu wameguswa. Kwa hiyo mgonjwa hupelekwa kwa mama mdogo mji mwingine, dawa hutolewa kwenye pakiti zake na kutiwa kwenye chupa ya vitamini, na ndugu zake wadogo hukua bila kuambiwa. Siwalaumu wazazi hawa. Wanawalinda watoto wao dhidi ya jamii iliyo tayari kuhukumu. Lakini gharama yake hulipwa na yule mdogo siku viungo vyake vinapoanza kuvimba, naye anadhani amechoka kwa kazi za shule. Na kwa wanaopeleleza, hesabu za hapo juu zinatosha kuwajibu: hakuna ugonjwa katika kundi hili ambao mtoto wa mgonjwa ana uhakika wa kuupata, na kwa mengi yao walio wengi hawaupati. Ukoo usioolewa kwa sababu ya lupasi unaonewa.

Je, ndugu mzima akapime damu? Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha na usingizi. Kipimo kinachoitwa ANA hutafuta kingamwili dhidi ya kiini cha seli. Karibu kila mgonjwa wa lupasi anazo, lakini watu wazima wenye afya nao wanazo: damu ikizimuliwa mara 40, hata watu 30 kati ya kila 100 wasioumwa chochote wataonyesha alama, ikizimuliwa mara 160, watano. Ndugu wa wagonjwa huwa nazo zaidi ya wengine, na wengi wao hawaugui kamwe. Ni kweli kwamba kingamwili hutangulia ugonjwa. Mwaka 2003 watafiti walifungua damu iliyohifadhiwa ya askari 130 wa Marekani waliokuja kuugua lupasi, na 88 katika kila 100 kati yao walikuwa na kingamwili tayari, wengine miaka tisa kabla. Lakini kuwa nazo hakukuambii utaugua lini, wala kama utaugua. Kwa mtu asiye na dalili, kipimo hicho humpa hofu bila kumpa hatua ya kuchukua. Kwa mwenye dalili na ndugu mgonjwa, kifanyike mapema, pamoja na kipimo cha mkojo, kwa sababu lupasi huanza kula figo bila maumivu na protini kwenye mkojo huonekana kabla miguu haijavimba. Kipimo cha mkojo ni rahisi na hata zahanati nyingi zinaweza kukifanya.

Kisukari aina ya kwanza kiko tofauti kidogo. Kwa hesabu za watu wenye asili ya Ulaya, mtoto wa baba mwenye ugonjwa huo ana uwezekano wa mmoja kwa 17 hivi, na wa mama mmoja kwa 25 au chini ya hapo. Kingamwili zake zinaweza kupimwa kwa ndugu, na mtoto mwenye aina mbili au zaidi ana uwezekano mkubwa sana wa kuugua baadaye. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya teplizumabu, ambayo katika majaribio kwa ndugu wa wagonjwa iliuchelewesha ugonjwa kwa miaka kama miwili. Ni hatua kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika magonjwa haya historia ya familia ilimpatia mtu asiyeumwa dawa ya kuchelewesha. Bei yake haiko karibu na mfuko wa mzazi wa Mbeya wala Kisumu, ambako bado kuna watoto wanaokosa insulini yenyewe, dawa iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1922. Kwa hiyo kwetu faida ya kujua ni nyingine, na ni kubwa vilevile: mtoto wa familia hiyo akianza kunywa maji kupita kiasi, akirudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, akikonda huku anakula, achomwe kidole apimwe sukari siku ileile. Tone moja la damu. Mzazi aseme mwenyewe, "kwetu kuna sukari ya watoto," hata kama hajaulizwa, na asikubali kuondoka na dawa ya malaria bila kipimo hicho.

Kuhusu kujikinga, yaliyothibitishwa ni machache. La kwanza ni sigara. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2006 ulikuta kwamba mvutaji mwenye nakala mbili za jeni za HLA za hatari alikuwa na uwezekano mara 21 wa kupata baridi yabisi yenye kingamwili fulani, akilinganishwa na asiyevuta na asiye na jeni hizo. Jeni hatuwezi kuziacha, sigara tunaweza. La pili ni vitamini D: jaribio la Marekani la watu karibu 26,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, lililotoa matokeo mwaka 2022, lilikuta waliopewa vitamini hiyo kwa miaka mitano walipata magonjwa haya pungufu kwa asilimia 22. Ni dalili njema, ila si ruhusa ya kununua kila kopo linalouzwa. Na hapa niseme wazi juu ya dawa za "kuongeza kinga" zinazotangazwa redioni na kwenye mabasi. Kinga ya mgonjwa wa lupasi haina upungufu wa nguvu, imekosa utulivu. Wapo wanaoacha dawa za hospitali wakanywa unga huo kwa miezi, wakarudi figo zimeshaharibika. Dawa iliyo msingi wa tiba ya lupasi, haidroksiklorokwini, ni ndugu wa karibu wa klorokwini ileile iliyowawasha wazazi wetu mwili mzima walipotibiwa malaria, kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001. Hupunguza makali ya ugonjwa, na mjamzito mwenye lupasi huendelea nayo. Anayeitumia kwa miaka anahitaji kupimwa macho mara kwa mara.

Yanayobaki ni ya nyumbani, na hayahitaji mtambo. Hospitali zetu humuuliza mgonjwa mpya kuhusu kisukari, presha, kifafa na kansa katika familia. Waongeze swali moja: kuna mtu kwenu mwenye lupasi, baridi yabisi iliyoanza ujanani, mbalanga, tezi, au mimba zilizoharibika mara kwa mara? Nusu dakika inatosha. Na wewe msomaji, tafuta daftari. Andika majina ya ndugu wa pande zote mbili, ukianza na wanawake, walioolewa karibu na walioolewa mbali. Mbele ya kila jina andika aliugua nini au alilalamika nini, alianza akiwa na umri gani, na kama alifariki, ilikuwaje. Mpigie simu shangazi aliye mkubwa kuliko wote, maana ndiye pekee anayezikumbuka habari za bibi zake, na umuulize kwa adabu na kwa utulivu, siku hana haraka. Nakala moja ipeleke kliniki, nyingine mpe binti yako kabla hajafika umri wa kwenda hospitali peke yake.